Kasri la Disneyland Paris: ndani kuna nini, na asiyepanda ngazi ataona nini?

MamaWawili

Habari zenu wakuu. Mwezi ujao tutapita Paris na siku moja tumeitenga kwa ajili ya Disneyland. Tutakuwa watu wazima wawili, binti wa miaka 8, mdogo wake wa miaka 4, na mama mkwe. Mama magoti hayamruhusu ngazi. Anatembea na mkongojo, mizunguko mirefu tunamsukuma kwenye kiti cha magurudumu.

Binti hana habari na mabembea wala treni za kasi, anachotaka ni kasri la bintimfalme basi. Nikitafuta maelezo nazidi kuchanganyikiwa. Mmoja anasema kasri ni pambo tu la kupigia picha, mwingine anasema juu kuna mgahawa na chumba cha kulala, mwingine tena anasema chini kuna joka. Wanaolijua vizuri naomba mnisaidie:

1. Linaingilika? Ndani kuna nini na inachukua muda gani?
2. Hilo joka, mtoto wa miaka 4 ataliweza?
3. Bila ngazi mama ataona nini?
4. Twende kasrini saa ngapi, na onyesho la usiku lina maana kulisubiri na watoto?
5. Tutalala karibu na kituo cha treni cha Gare de Lyon. Treni ipi?

Ramani_Mkononi

Karibu dada. Nianze na huo mkanganyiko, maana ndio unaoharibu siku za wengi. Mgahawa na chumba cha kulala ni vya kasri la Florida, Marekani, lililofunguliwa mwaka 1971. Hilo lina urefu wa mita 57 hivi, juu kuna mgahawa wa kuweka nafasi mapema na chumba kimoja ambacho hakikodishwi kama vyumba vya hoteli. La California, la mwaka 1955, lina mita 23 tu, na ndani yake kuna njia nyembamba ya ngazi yenye vionyesho. La Shanghai, la 2016, ndilo kubwa kuliko yote na mashua hupita chini yake. Mtu akiandika "kasri la Disney" bila kutaja la wapi, ameshakuchanganyia yote hayo.

La Paris lilifunguliwa siku moja na bustani yenyewe, tarehe 12 Aprili 1992. Jina lake ni Le Château de la Belle au Bois Dormant, kasri la Mrembo Aliyelala. Hakuna mgahawa ndani, hakuna chumba, na mabintiwafalme wa kupiga nao picha hawakai humo. Hao wapo kwenye banda lao, Princess Pavilion, ndani ya Fantasyland, sehemu ya bustani iliyo nyuma ya kasri, na foleni yake ni habari nyingine kabisa. Mwambie binti mapema ili asiingie kasrini akitarajia kumkuta mtu.

Kilichopo ni jengo la kutembelea kwa miguu, lenye tabaka tatu. Wengi huingia mlango wa mbele, wakatokea nyuma Fantasyland, wakasema wameshaliona kasri. Wameona ushoroba tu.

Tabaka la kati ndilo hilo la kupita. Ukishavuka daraja unaingia ukumbi ambao nguzo zake zimechongwa mfano wa mashina ya miti, na matawi yake yanakutana darini. Inua macho, maana watu hukimbilia maduka wakaikosa dari yote. Maduka ni mawili: La Boutique du Château, lenye mapambo ya Krismasi, na Merlin l'Enchanteur, la mchawi Merlin. Hilo la pili likumbuke, litatajwa tena.

Tabaka la juu hufikiwa kwa ngazi za ndani ya ukumbi. Huko hadithi nzima ya Mrembo Aliyelala imesimuliwa kwa madirisha ya vioo vya rangi, mazulia ya ukutani na vitabu vikubwa vilivyofunguliwa. Kuna walinzi waliovaa deraya nao wamelala. Mkinyamaza mtawasikia wakikoroma, watoto hupenda sana hapo. Kisha unatoka kwenye roshani inayotazama Fantasyland, ambako utaona farasi wa kuzunguka na mapaa ya vijumba vyote kwa chini. Dakika 10 hadi 15 zinatosha, 20 kama binti anasoma kila picha. Mpitishe akifuata mtiririko wa hadithi, tangu kuzaliwa kwa bintimfalme hadi kuamka, vinginevyo vioo vinakuwa rangi tu.

Tabaka la chini ni pango la joka, La Tanière du Dragon. Wapo watakaolieleza vizuri kunizidi.

Vyote hivyo vimo ndani ya tiketi ya bustani, havina masharti ya urefu wa mtoto, na kwa kawaida havina foleni. Hilo la foleni ndilo la kupangia siku: asubuhi usiutumie muda wa dhahabu ndani ya kasri. Bustani ikifunguliwa, piteni katikati, mwende moja kwa moja kwenye vivutio vya Fantasyland vinavyojaa haraka, Peter Pan's Flight kikiwa cha kwanza kabisa. Hicho kikishajaa asubuhi huwa hakipungui hadi jioni, ila ngazi za kasri utazikuta vilevile saa 8 mchana. Kasri liwekeni baada ya chakula cha mchana, watoto wamechoka foleni na wanataka kutembea.

Tahadhari moja ya tiketi. Bustani ni mbili. Kasri lipo Disneyland Park. Ile ya pili, iliyojulikana kwa miaka mingi kama Walt Disney Studios, haina kasri hili, na tiketi ya bustani moja haikuruhusu kuvuka. Tiketi ni za tarehe maalum na bei hubadilika kulingana na siku, kwa hiyo nunua mapema kwenye tovuti yao rasmi na uhakikishe jina la bustani kabla ya kulipa. Mtoto chini ya miaka 3 anaingia bure, ila wa kwako wa miaka 4 anahitaji ya mtoto.

Fundi Mitambo

Nijibu la joka.

Ni sanamu ya mashine yenye urefu wa kama mita 27 kutoka kichwa hadi mkia, yaani mabasi mawili ya abiria yakifuatana, na uzito wa takriban tani 2.5. Halitembei. Limefungwa mnyororo shingoni, limelala kando ya maji ndani ya pango lenye giza na mawe yanayoning'inia. Linakwenda kwa mzunguko: linalala na kupumua, linafumbua macho, linainua kichwa, linanguruma na kutoa moshi puani, kisha linarudi kulala. Wewe unasimama kwenye njia yenye kizuizi na halikufikii.

Watoto wengi hawaogopeshwi na umbo la joka. Linalowatisha ni giza la ghafla na sauti. Ukitoka kwenye jua ukaingia pangoni, macho ya mtoto hayaoni kitu, halafu ngurumo inampata akiwa bado kipofu. Kwa hiyo:

Ingieni kwa mlango wa nje, ulio chini upande wa kushoto wa kasri ukiwa unalitazama kutoka Main Street, mtaa wa kuingilia bustanini. Msishukie ngazi za dukani. Mlango wa nje unakupa mwanga nyuma yako na njia fupi ya kurudi. Simameni hatua chache ndani, kando ya njia, mhesabu taratibu hadi 60 ili macho yazoee. Sikilizeni. Ikiwa joka linanguruma, subirini litulie ndipo msogee. Mtoto akilikuta limelala, akaliona likipumua, atapata muda wa kulizoea kabla halijaamka. Mbebe begani kwako uso ukielekea joka, si kifuani uso ukielekea nyuma, kwa sababu sauti inayotoka nyuma asikokuona ndiyo inayotisha zaidi. Mwambie atazame macho ya joka, yakifunguka ajue kelele inakuja. Anayejua kelele inakuja saa ngapi huwa anacheka.

Akikataa, tokeni. Mzazi mmoja abaki na mdogo nje, mwingine aingie na mkubwa, kisha mbadilishane. Hakuna foleni, kwa hiyo hampotezi chochote.

Na kosa la kawaida: watu wanafika limelala, wanasubiri nusu dakika, wanaona halina maajabu, wanaondoka. Kaeni mzunguko mzima. Dakika 5 hadi 10 mle ndani zinatosha sana.

Bi Subira

Naongeza kwa upande wa mama, maana jibu la "ngazi za ndani ya ukumbi" limepita haraka.

Juu hafiki. Ngazi hizo ni za kuzunguka, na kiti cha magurudumu hakipandi. Hata mwenye mkongojo ningemshauri asijaribu, kwa sababu kushuka ngazi za mzunguko kunayaumiza magoti kuliko kupanda, na ukishafika katikati watu wanakusukuma kwa nyuma. Kigari cha mtoto nacho kinabaki chini.

Atakapofika bila kidato hata kimoja: eneo lote la mbele, darajani, ukumbi wa kati na maduka, hadi Fantasyland upande wa pili. Njia ya kuelekea darajani imeinuka kidogo, anayesukuma awe na nguvu. Pangoni pia ataingia, ila kwa mlango huohuo wa nje aliousema Fundi. Kule dukani kwa Merlin kuna ngazi za kushukia pangoni, nzuri kwa binti maana zinafanana na njia ya siri, lakini kwa kiti ni ukuta. Gawanyikeni: mmoja na binti washuke kwa ngazi za duka, mwingine amzungushe mama kwa nje, mkutane mbele ya joka.

Wakati ninyi mko juu, msimwache mama darajani. Pana upepo, hakuna pa kukaa, na watu wanapita hapo mfululizo. Mpelekeni ua wa nyuma, upande wa Fantasyland, akae kwa kuielekea roshani. Mkitokeza juu atawaona na mtapungiana mikono. Karibu na farasi wa kuzunguka kuna upanga uliochomekwa kwenye jiwe, ambao kila mtoto lazima ajaribu kuuchomoa, kwa hiyo hata akisubiri peke yake ana cha kutazama.

Kiti cha magurudumu kama hamji nacho kinakodishwa karibu na lango. Kuhusu kadi ya kipaumbele kwa wenye ulemavu: inahitaji hati za kuthibitisha, na utaratibu wake uko kwenye tovuti yao, sehemu ya ufikivu. Usome kabla ya safari. Ukifika bila hati ukategemea maelezo ya mdomo utaambulia pole. Mkiwa ndani, ofisi ya kuuliza ni City Hall, mkono wa kushoto mara tu mnapoingia Main Street. Ulizeni papo hapo asubuhi kuhusu eneo la watazamaji wenye viti vya magurudumu kwa onyesho la usiku, kwa sababu nafasi zake si nyingi.

Lenzi

Picha, kwa kuwa binti atazitaka.

Uso wa kasri unatazama kusini-mashariki. Maana yake mwanga wa mbele ni wa asubuhi hadi mchana. Mbaya ni jioni ya kiangazi, jua likienda kaskazini-magharibi: mbele kunakuwa kivuli na anga nyuma inawaka. Siku ya mawingu msikate tamaa. Ile rangi ya waridi ilichaguliwa kwa makusudi ili ionekane chini ya anga la kijivu la upande huo wa Ulaya, na kweli siku ya mawingu inatoka vizuri kuliko siku ya jua kali la saa 6.

Mawe ya kasri ni makubwa chini na yanapungua kadiri unavyopanda, madirisha ya juu nayo ni madogo. Ni hila ya macho ili minara ionekane mirefu kuliko ilivyo. Ukisogea mpaka darajani ukaelekeza simu juu kwa lenzi pana, unaivunja hila hiyo: minara inaegemea nyuma na kupungua. Rudi nyuma hadi Central Plaza, ule mduara wa mwisho wa Main Street, kuza mara 2, shika simu usawa wa kifua cha mtoto, msimamishe yeye hatua tatu au nne kutoka kwako. Hapo kasri linakuwa kubwa nyuma yake naye anabaki na uso unaoonekana. Wazazi wengi humsimamisha mtoto mbali, karibu na kasri, wakapata nukta yenye gauni.

Pembe ninayoipenda kuliko ya katikati ni ya kulia, kwenye njia ya pembeni yenye maporomoko ya maji. Minara inapangana vizuri, watu ni wachache, na ile miti iliyokatwa mraba inaingia kwenye fremu. Mama kwenye kiti anafika bila shida.

Ndani, vioo vya rangi: gusa kioo chenyewe kwenye skrini, sehemu angavu, kisha ushushe mwanga kidogo. Simu ikipimia ukuta wenye giza, vioo vyote vinageuka vyeupe. Pangoni zima flashi. Inaangaza kizuizi na ukungu ulio mbele yako, na joka linapotea kabisa, halafu unawaharibia wengine. Tumia hali ya usiku joka likiwa limelala. Likiamka badili kwenda video, gusa na ushikilie kichwa ili mwanga ufungwe hapo, la sivyo simu itahangaika kila moshi unapotoka. Fimbo za selfi haziruhusiwi bustanini, ziacheni hotelini.

Na ukikutana na picha mtandaoni kasri limefunikwa turubai kubwa, usishtuke. Ni za 2021, lilipokuwa likikarabatiwa kwa ajili ya kutimiza miaka 30.

MamaWawili

Jamani shukrani, sikutegemea majibu ya namna hii. Bado la treni na la usiku. Halafu binti anataka kuvaa gauni la bintimfalme, na dada yangu, yule mtu mzima mwingine, anataka afanane naye, itaruhusiwa?

Kaka Reli

Treni ni RER A, kituo cha mwisho Marne-la-Vallée–Chessy. Kutoka Gare de Lyon ni kama dakika 40, na mkitoka kituoni malango ya bustani mnayaona, ni mwendo wa dakika chache.

Kinachowakosesha watu ni hiki. Baada ya Vincennes reli ya RER A inagawanyika: tawi moja linakwenda Chessy, jingine Boissy-Saint-Léger. Na hata kwenye tawi lenu, treni nyingine huishia Noisy-le-Grand au Torcy. Kwa hiyo kusoma "A" mlangoni hakutoshi. Angalieni ubao wa jukwaani: taa au orodha ya vituo lazima ifike hadi Marne-la-Vallée–Chessy. Mkijikuta kwenye ya Boissy, shukeni Vincennes au kabla, msubiri inayofuata jukwaa hilohilo. Mkishapita Vincennes itabidi mrudi nyuma.

Tiketi: tangu Januari 2025 tiketi ya metro, treni na RER ni bei moja kwa mkoa wote wa Île-de-France isipokuwa za viwanja vya ndege. Ilianza kwa €2.50, na inaweza kupanda kila mwaka. Maelezo ya zamani yanayotaja tiketi maalum ya kanda ya 5 kwenda Disneyland yapuuzeni. Kila mtu awe na kadi yake ya kujazia tiketi, kadi moja haipitishi watu wawili kwenye geti. Chini ya miaka 4 ni bure, wa kwenu kama ameshatimiza 4 alipiwe. Msiitupe wala kuichimbia kadi ndani ya begi, kutokea Chessy kuna mageti pia.

Kwa ajili ya mama: pandieni hapohapo Gare de Lyon, mtu asiwashauri mwende kuunganisha Châtelet-Les Halles. Korido zake ni ndefu na kutafuta lifti kunakula nusu saa. Chessy lifti zipo. Kama siku nyingine mtatokea uwanja wa Charles de Gaulle, TGV, treni ya kasi ya masafa marefu, ya moja kwa moja hadi Chessy ni kama dakika 10, ila hiyo ni tiketi tofauti kabisa ya kukata mapema.

Mabegi yanakaguliwa kabla hamjafikia malango. Bustani hufunguliwa kwa wote mara nyingi saa 3:30 asubuhi, wanaolala kwenye hoteli za Disney huruhusiwa saa 2:30. Ratiba ya siku yenu itazameni kwenye programu yao ya simu. Mkiwa kituoni Chessy saa 2:45 mtakuwa na nafasi ya ukaguzi na choo.

Bi Subira

Gauni la binti ruksa, wala hatakuwa peke yake. Mtu mzima haruhusiwi kuja na vazi kamili la mhusika, sharti ni chini ya miaka 12, sababu wageni wanaweza kumdhania ni mfanyakazi wa bustani. Dada avae nguo ya kawaida yenye rangi zilezile. Na kwa binti: gauni lisiburuze. Zile ngazi za kuzunguka na pindo refu ni mwaliko wa kuanguka. Ndani yake mvalishe suruali ya kubana na viatu vya kufunga, vile viatu vya plastiki vya kumetameta mbebee kwa ajili ya picha tu.

Fundi Mitambo

Usiku. Onyesho huwa wakati wa kufunga bustani, picha zinamulikwa kwenye uso wa kasri kukiwa na muziki, chemchemi na fataki. Ni zuri kweli. Kwa mtoto wa miaka 4 swali ni saa ya kufunga. Majira ya baridi giza huingia mapema na onyesho linaweza kuwahi, kiangazi linaweza kuanza usiku mkubwa sana kwa mtoto aliyeamka alfajiri.

Jambo ambalo halimo kwenye vichwa vya wageni wengi: fataki hurushwa kutoka nyuma ya kasri, kwa hiyo Fantasyland hufungwa mapema kuliko sehemu nyingine, na njia ya kupita katikati ya kasri hufungwa nayo. Ukipanga kwamba ngazi za juu na joka mtamalizia jioni mkisubiri onyesho, mtakuta kamba. Muwe mmeshamaliza yote ya kasri kufikia saa 10 alasiri.

Pa kusimama: si mbele kabisa. Picha zinafunika kasri lote kutoka chini hadi minarani, na fataki zinapanda juu ya minara. Ukiwa chini ya daraja unaona mguu wa kasri na moshi. Sehemu nzuri ni nusu ya nyuma ya Central Plaza, kabla Main Street haijaanza kubana. Watu huanza kujipanga saa moja kabla, siku za likizo zaidi. Upepo ukivuma kukuelekea moshi wote ni wenu, na hapo hakuna dawa.

Kaka Reli

Nipingane kidogo na Fundi kuhusu "nusu ya nyuma ya Central Plaza" kwa familia hii. Kwa mtu mmoja ni sawa. Kwa aliyekaa kwenye kiti cha magurudumu, katikati ya umati wa watu waliosimama, ni kutazama migongo. Akikosa nafasi kwenye eneo la viti lililotajwa na Bi Subira, bora kabisa awe ukingoni mwa mduara, penye ukuta mdogo au kizuizi mbele, ambapo mtu hawezi kusimama.

Na tatizo halisi ni baada ya onyesho. Bustani nzima inaelekea kituo kimoja kwa wakati mmoja. Main Street inasimama. Kuna njia mbili zilizoezekwa zinazokwenda sambamba nayo nyuma ya maduka: Liberty Arcade upande wa Frontierland, Discovery Arcade upande wa Discoveryland. Ukiwa unatoka, kushoto kwako ni Discovery na kulia ni Liberty. Zitumieni na kiti, ni tambarare na zina watu wachache. Kisha ama mwondoke dakika 5 kabla ya mwisho, mkitazama fataki za mwisho mkiwa mnatembea, ama mkae kwenye maduka ya Main Street nusu saa nzima hadi umati wa kwanza upande treni. Kutoka katikati ya wimbi ndiyo mbaya kuliko zote, hasa kwenye lifti za kituo. Na kadi za treni za kurudi zijazwe asubuhi, mashine za Chessy usiku huwa na foleni.

Ramani_Mkononi

La mwisho kwa binti anayependa makasri: lipo la pili, na wengi hawalijui. Fantasyland kuna Alice's Curious Labyrinth, njia za kupotea kati ya uzio wa miti, na mwisho wake kuna kasri dogo la Malkia wa Kopa ambalo mtoto hupanda hadi juu. Kutoka hapo anaona Fantasyland yote na mgongo wa kasri kubwa. Ngazi zipo, kwa hiyo mama abaki mlangoni.

MamaWawili

Na ikinyesha?

Ramani_Mkononi

Ukumbi, ushoroba wa juu na pango vyote vimeezekwa, kwa hiyo mvua ndiyo saa ya kuwa humo, ingawa kila mtu atakuwa na wazo hilohilo na ngazi zitajaa. Roshani na vidato vya mwanzo huteleza, shikeni mikono ya watoto. Zile njia zilizoezekwa za Kaka Reli zitawafikisha Central Plaza bila kulowa, kutoka hapo hadi darajani ni mbio za dakika mbili. Makoti ya mvua badala ya miavuli, maana mwavuli pangoni unamtoboa mtu jicho. Na asubuhi ya siku yenyewe fungua programu ya simu uangalie kama ushoroba wa juu na pango viko wazi. Hufungwa kwa matengenezo mara mojamoja, kila kimoja kwa wakati wake, na ni afadhali binti ajue hilo mkiwa kwenye treni kuliko mlangoni.